Yurea katika maziwa ya Mombasa: kipimo kimoja, kazi mbili

Ng'ombe wa maziwa ni mbadhirifu wa nitrojeni. Katika kila gramu 100 za nitrojeni anazozila ndani ya protini ya majani na unga, takriban 25 tu ndizo huishia katika maziwa. Zilizobaki, ukiondoa kiasi kidogo kinachojenga mwili na ndama, hutoka kwa kinyesi na mkojo. Kinyesi hakina haraka. Mkojo ndio wenye mambo, kwa kuwa nitrojeni yake nyingi imo katika yurea, na yurea ikikutana na kimeng'enya kilichomo katika kinyesi na udongo hugeuka amonia katika muda wa saa chache. Sehemu ya amonia hiyo hupanda hewani, na sehemu nyingine hugeuka naitreti ambayo mvua za masika huisukuma chini hadi kwenye maji ya ardhini. Kwa mji kama Mombasa, ambao watu wengi wa Kisauni na Likoni bado huteka maji ya visima na ambao mwamba wake wa matumbawe hupitisha maji upesi, jambo hili si la vitabuni.

Kukusanya mkojo wa ng'ombe usiku na mchana ili uupime ni kazi ya watafiti wenye mabanda maalumu. Maziwa, kwa upande mwingine, hukamuliwa kila siku, na hapo ndipo lilipotoka wazo la kupima yurea iliyomo ndani yake ili yawe shahidi wa nitrojeni inayopotea. Protini ikifika katika tumbo kubwa la ng'ombe huvunjwa na vijiumbe ikawa amonia. Vijiumbe hivyo vikipata nguvu ya kutosha kutoka kwenye wanga, huikamata amonia na kuijenga upya kuwa protini ya miili yao, ambayo baadaye ng'ombe huimeng'enya. Wanga ukipungua, au protini ikizidi, amonia isiyo na wa kuikamata hupenya hadi kwenye damu, na kwa sababu ni sumu, ini huigeuza yurea. Yurea huenda popote damu iendako: huchujwa na figo, hurudi kidogo tumboni kwa njia ya mate, na huingia katika kiwele, hata kiwango chake katika maziwa kikafuatana kwa karibu sana na kile cha damu.

Wanaokitetea kipimo hiki wana hoja nzito. Uholanzi, katika hesabu za sheria yake ya mbolea, hukadiria nitrojeni inayotolewa na ng'ombe kwa kuangalia kiasi cha maziwa anachotoa pamoja na kiwango cha yurea katika maziwa hayo. Nchini Marekani, watafiti Kauffman na St-Pierre walionyesha mwaka 2001 kwamba ukizidisha uzito wa ng'ombe kwa kilo, nitrojeni ya yurea katika maziwa kwa miligramu katika kila desilita, na 0.0259, unapata makadirio ya gramu za nitrojeni zinazotoka kwa mkojo kila siku. Ng'ombe wa kilo 400 mwenye kipimo cha 12 atakuwa akikojoa kama gramu 124 za nitrojeni. Kipimo kikipanda hadi 18, atafika 186. Tofauti hiyo ya gramu 62, ukiizidisha kwa 6.25 kama wafanyavyo wataalamu wa lishe, ni karibu gramu 390 za protini. Hiyo ni protini iliyomo katika zaidi ya kilo mbili za unga wa ng'ombe wenye protini ya asilimia 16, nayo hupotelea kwenye sakafu ya banda kila siku. Mfugaji asiyejali habari za hewa wala maji ya ardhini hawezi kukosa kuijali bei ya gunia.

(Hapa pana mtego wa vipimo unaowanasa wengi. Maabara za Ulaya kwa kawaida hutaja yurea nzima, ilhali za Marekani hutaja nitrojeni iliyomo ndani ya yurea, ambayo ni takriban asilimia 47 tu ya uzito wake. Kwa hiyo 12 ya Marekani ni karibu 26 ya Ulaya, na anayesoma jedwali la huku kwa namba ya kule atashtuka bure.)

Mashaka yangu huanza pale namba hizo zinapovushwa bahari. Chukua boma la Bamburi lenye ng'ombe watatu chotara. Mwezi wa Februari matete yamekauka na kukomaa, protini yake imeshuka labda chini ya asilimia 7, na ng'ombe wanatafuna vikonyo kwa saa nzima bila kushiba. Ukiyapima maziwa yao utapata pengine 5 au 6, wakati mwongozo wa Marekani wa miaka hii hulenga kati ya 8 na 12. Mtu wa mazingira atampongeza mwenye boma kwa kutochafua. Mtu wa lishe ataona kuwa vijiumbe vya tumboni vina njaa ya nitrojeni, haviwezi kuyavunja majani yale magumu, na kwamba lita nne anazokamua mfugaji huyu zingeweza kuwa saba. Namba ni ile ile, lakini mmoja anaisoma kama sifa na mwingine kama ugonjwa. Na ukigawa nitrojeni ya ng'ombe huyo kwa lita zake chache, huenda kila lita ya maziwa yake ikawa na mzigo mkubwa kuliko ya jirani mwenye kipimo cha juu.

Jirani huyo, tuseme, amepanda lusina na gilirisidia kwenye ua, miti yenye majani ya protini nyingi ambayo watafiti wa kituo cha kilimo cha Mtwapa wamekuwa wakiihimiza pwani tangu miaka ya 1980. Ameshusha mafungu manne ya majani mabichi, akayamwaga horini juu ya matete yale yale makavu. Protini imepatikana lakini wanga haupo, na kipimo kinaruka hadi 19. Asiyejua atamwambia apunguze lusina. Dawa ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kuongeza wanga, kwa molasi, maganda ya muhogo yaliyoanikwa vizuri au pumba za mahindi, na kumlisha mara tatu badala ya mara moja, ili amonia ipate wa kuikamata. Huku kwetu mashudu ya nazi nayo yana faida ya pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya protini yake hupita tumbo kubwa bila kuvunjwa. Kwa kazi hii ya kumwelekeza mfugaji kwenye hori lake, sioni kipimo kingine cha bei nafuu kinachokishinda hiki.

Kazi ya pili, ile ya kukadiria uchafuzi, ndiyo inayonitia wasiwasi, na kikwazo chake kikubwa kwa Mombasa ni chumvi. Utafiti uliofanywa Uholanzi ulionyesha kwamba ng'ombe wanaoongezewa chumvi hunywa zaidi, hukojoa zaidi, na yurea katika maziwa yao hushuka ingawa nitrojeni wanayoila haijabadilika. Sasa fikiria ng'ombe wa pwani anayenyweshwa maji ya kisima ambayo hata chai haiivi nayo vizuri. Kanuni ile ya Marekani, iliyopatikana kwa ng'ombe wa Ohio wanaokunywa maji yasiyo na chumvi, itamhesabia nitrojeni ndogo ya mkojo kuliko anayoitoa kweli. Vivyo hivyo kwa uzito: kanuni inataka kilo za ng'ombe, na wengi wetu hatuna mizani, chotara wa Sahiwal na Friesian anakadiriwa kwa jicho, na kosa la kilo 60 katika 400 ni kosa la asilimia 15 kabla hata ya kugusa maziwa.

Tena maziwa yenyewe hayafiki salama. Mchuuzi akichukua lita kumi zenye kipimo cha 15, akaongeza lita mbili za maji, kipimo kinashuka hadi 12.5, yaani maji ya bomba yamempa mfugaji cheti cha lishe bora. Kinyume chake pia hutokea, kwa kuwa wapo duniani wanaotia yurea ya mbolea katika maziwa ili kuficha maji hayo. Na hata maziwa safi hubadilika kwa saa: yurea ya damu hupanda baada ya kula, maziwa hufuata nyuma, hivyo sampuli ya asubuhi na ya jioni za ng'ombe yule yule hazilingani. Tofauti za ng'ombe mmoja mmoja nazo ni kubwa kiasi kwamba wataalamu hupendelea wastani wa kundi. Mwenye ng'ombe wawili hana kundi.

Kwa hiyo nitasema wazi ninaposimama. Chama cha wafugaji chenye mahali pa kukusanyia maziwa kingefanya vyema kupima sampuli za kila boma, mara moja kwa mwezi, baada ya laktometa kuthibitisha kuwa hayakutiwa maji, na kumrudishia mfugaji namba yake pamoja na ya mwezi uliopita, kwani kupanda na kushuka kwake ndani ya boma moja kunasema mengi kuliko namba yenyewe. Sitaunga mkono namba hiyo itumike kumlipa au kumtoza mtu, wala kukadiria nitrojeni ya kaunti nzima, mpaka ng'ombe wa pwani, kwa uzito wao na maji yao ya chumvi, wapimwe mkojo wao wenyewe kwa miezi ya kiangazi na ya masika. Na anayehofia visima vya Kisauni ana njia fupi zaidi: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti kuwa miligramu 50 kwa lita, na maji ya kisima hupimwa moja kwa moja, ingawa majibu yatakayopatikana hayatatofautisha mkojo wa ng'ombe na vyoo vya shimo vilivyochimbwa hatua kumi kutoka hapo.