Ukishuku injini, lipa ada ifunguliwe

Nyie madereva wa ridhaa wa mbio za magari mliohojiwa mnasema mwenzenu ana injini iliyochezewa kinyume cha kanuni, tena anawagonga kwenye kona. Haya mawili msiyachanganye. La injini lina njia yake: kanuni za FIA, shirikisho la magari duniani, zinaruhusu pingamizi la maandishi pamoja na ada, nayo hurudishwa pingamizi likikubaliwa. Kupiga domo kwenye gereji za Changamwe hakufungui injini ya mtu. Wala msitegemee jicho tu. Mwaka 1995 Toyota walifungiwa miezi 12 katika rali za dunia kwa kifaa kilichopitisha hewa ya ziada kwenye turbo, ule mtambo unaosukuma hewa ndani ya injini, na kikifunguliwa kilijirudi kikaonekana halali. Hata Max Mosley, rais wa FIA wakati huo, alistaajabia ule ufundi!

La kugonga ndilo linalonikera mimi. Pua ya gari haijafika hata mlango wa mwenzako, wajitupa ndani ya kona kama matatu inayogombea abiria Mwembe Tayari, halafu wasema ni mchezo? Fungeni kamera kiooni, wasimamizi wapewe video siku hiyo hiyo. Na wewe bwana uliyeapa kumlipizia raundi ijayo, utakayefungiwa ni wewe.