Mkonge au nadharia: mtafiti wa mekanika achague nini?

Mhitimu wa uhandisi wa Dar es Salaam au Eldoret anayetafuta nafasi ya uzamivu katika mekanika ya yabisi, yaani elimu ya namna vitu vigumu vinavyobeba mzigo, vinavyopinda na vinavyovunjika, hukutana mapema na ushauri huu: tafiti kitu cha kwenu. Mkonge, mianzi, matofali ya udongo, majivu ya volkano ya kuchanganya na saruji. Ushauri huo una wapinzani, na hoja zao si za kupuuza.

Wanaouunga mkono wana la kusema. Mkonge uliingizwa Tanganyika mwaka 1893, na kufikia 1964 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 230,000, kabla kamba za plastiki hazijalinyang'anya soko. Hata leo nchi hii imo miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, pamoja na Brazil. Korona, yaani mashine ya kukamua mkonge, ikishakamua jani, singa (nyuzi) zinazobaki hazizidi sana asilimia 4 ya uzito wake, lakini ni nyepesi kuliko nyuzi za kioo na zina nguvu ya kutosha kuimarisha plastiki au saruji. Sampuli ziko Korogwe na Muheza, safari ya basi tu. Wafadhili nao hupenda mada ambayo faida yake inaelezeka kwa aya moja.

Wapinzani hujibu kwa kukuelekeza kwenye majarida. Utakuta jaribio lilelile limerudiwa mara nyingi mno: singa zinalowekwa kwenye magadi makali, zinachanganywa na gundi ya epoksi, zinavutwa kwenye mashine, nguvu imeongezeka, hitimisho. Mwingine anabadilisha mmea tu. Kwa nini nguvu iliongezeka, ufa ulianzia wapi, kipimo kikikuzwa mara kumi itakuwaje, hakuna anayeuliza. Mwanafunzi anatoka na shahada, ila mekanika yenyewe hakuigusa. Ndivyo Afrika inavyobaki mtoa sampuli, na nadharia inabaki kwa wengine. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wao.

Fedha nazo zimechangia. Mitandao kama MSSEESA, mtandao wa watafiti wa Afrika Mashariki na Kusini uliosaidiwa na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, imejenga watu na maabara za kweli katika sayansi ya materiali kwa ajili ya nishati ya jua, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini kuvunjika na kuchoka kwa vitu (kudhoofika kwa mzigo unaojirudia), mada zisizo na mfadhili wa kuzisemea, zilibaki nyuma. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Baada ya hapo sioni nani anaweza kusema elimu ya kuvunjika kwa zege ni anasa.

Kwa maoni yangu kosa haliko kwenye mkonge, liko kwenye swali. A. A. Griffith, mhandisi Mwingereza, alichapisha mwaka 1921 kazi iliyoweka msingi wa elimu ya kuvunjika, na aliifanya kwa kioo tu. Aliona kwamba uzi wa kioo kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyokuwa imara, akaonyesha kuwa vijiufa visivyoonekana ndivyo vinavyoamua nguvu yake.

Sasa chukua singa moja ya mkonge. Unaigundisha kwenye fremu ndogo ya karatasi, unaifunga kwenye mashine, unakata kingo za karatasi ili mzigo ubebwe na singa peke yake, kisha unavuta. Rudia kwa singa hamsini kutoka jani moja, matokeo yatatawanyika vibaya. Wengi huandika kwamba ndiyo tabia ya mimea, wakaendelea. Lakini mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo, na singa si duara, wala upana wake haulingani kutoka ncha hadi ncha. Ukiihesabu kama duara, sehemu ya mtawanyiko huo umeileta wewe. Kutenganisha mtawanyiko wa kitu chenyewe na ule wa kipimo ni swali ambalo maabara ya Ulaya inayotafiti kitani inalihitaji vilevile. Na linahitaji mashine ndogo ya kuvuta, hadubini ya mwanga na mkono mtulivu.

Wapo wanaosema suluhisho ni kompyuta: FEniCS na CalculiX ni programu za bure za kukokotoa namna kitu kinavyobeba mzigo, na kompyuta mpakato inatosha kuanzia. Nakubali nusu. Hesabu isiyopimwa dhidi ya jaribio ni picha ya rangi tu.

Je, aende nje au abaki? Nadharia hujifunzwa vizuri zaidi palipo na watu wengi wanaobishana juu yake kila wiki, na anayeondoka kwa sababu hiyo simlaumu. Hata hivyo njia ya katikati ipo. Sida, shirika la misaada la Sweden, kwa miongo kadhaa liliwafadhili wanafunzi waliosajiliwa nyumbani na kwenda Sweden kwa vipindi. RSIF, mfuko wa ufadhili wa masomo unaosimamiwa na icipe, kituo cha utafiti cha Nairobi, unasomesha uzamivu katika vyuo vya Afrika pamoja na kipindi cha utafiti kwa chuo mshirika nje. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, lina ufadhili wa kusoma ndani ya kanda. Afrika haina hata sinkrotroni moja, mashine kubwa ya kutoa eksirei kali, kwa hiyo kuona ndani ya singa kwa eksirei hizo kunahitaji safari, na mpango wa kimataifa wa LAAAMP upo kwa ajili ya safari za namna hiyo.

Kinachonitia wasiwasi ni mkataba wa njia hiyo ya katikati. Bajeti hununua mashine mpya, na mara nyingi haina fungu la fundi wala la kupima usahihi wake mwaka wa tatu. Mwanafunzi anarudi na swali zuri, anaikuta mashine imefunikwa nailoni. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mwombaji amuulize msimamizi wa nyumbani mambo mawili: swali hili limeandikwa na nani, na mashine ya kuvuta ilipimwa usahihi lini. Jibu la swali la pili likikosekana, aombe fungu hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hajakata tiketi.