Kipimo cha Mto Kinachoundwa Darasani

Katika maonyesho ya sayansi ya shule za Nairobi, vihisi vya unyevu wa udongo na vipimo vya kina cha maji vilivyounganishwa na bodi ya Arduino (kompyuta ndogo inayosoma vihisi) vimekuwa jambo la kawaida, na ni kawaida pia kusikia watu wazima wakiuliza vifaa hivyo vinahusiana vipi na mabadiliko ya tabianchi.

Wanaouliza wana hoja. Kenya hutoa chini ya asilimia 1 ya gesi joto za dunia nzima, na takriban asilimia 90 ya umeme wake tayari hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mwanafunzi wa Embakasi anayeandika programu ya kuzima taa za darasa hapunguzi kitu cha kuonekana, na si haki kumtwika mzigo wa wachafuzi walio mbali naye. Vifaa vyenyewe, vyeti vikishagawiwa, vingi huishia kabatini na baadaye jalalani.

Lakini hoja hiyo hupima miradi kwa kiasi cha gesi pekee, ilhali mkazi wa Nairobi anachohitaji kwanza ni kujikinga. Masika ya mwaka 2024, maji yaliyosomba nyumba za Mathare hayakuwa ya mvua iliyonyesha Mathare tu; mengine yalishuka na mto kutoka maeneo ya juu, kwa hiyo anayetazama anga la kwake peke yake huchelewa kuhama. Tahadhari huhitaji vipimo vya sehemu nyingi, navyo ni haba: Shirika la Hali ya Hewa Duniani limewahi kukadiria kwamba msongamano wa vituo vya hali ya hewa barani Afrika ni moja ya nane tu ya unaotakiwa. Mradi wa TAHMO (mtandao wa Afrika wa kupima hali ya hewa na maji), ambao huweka vituo vyake shuleni, Kenya ikiwemo, umekwisha kuonyesha kwamba uwanja wa shule ni mahali pafaapo kwa kazi hii.

Wapo wasemao kihisi cha bei nafuu hudanganya. Ni kweli, na hapo ndipo elimu yenyewe ilipo. Kihisi cha mawimbi ya sauti kinachofungwa chini ya daraja hukokotoa kina kwa muda ambao mwangwi huchukua kurudi. Sauti nayo huenda kasi zaidi hewa ikipata joto, kiasi kwamba tofauti ya nyuzi 10 kati ya alfajiri na adhuhuri huweza kupotosha umbali wa mita 2 kwa zaidi ya sentimita 3. Mwanafunzi anayeongeza kipimajoto na kurekebisha hesabu katika programu yake amejifunza kutilia shaka namba kabla ya kuitangaza, stadi ambayo (tuseme ukweli) hata ofisi kubwa huikosa.

Ninaloona lina kasoro ni utaratibu wa mashindano. Waandalizi wangeweza kuzuia tuzo hadi kifaa kikae nje masika nzima kando ya kipimo rasmi cha mvua au cha mto, rekodi zake zilinganishwe wazi, na fedha za tuzo zilipie kwanza betri na laini ya simu inayotuma vipimo.