Kinga ipo, hata siku 90 zipo

Mwandishi wa makala ninayoijibu anataka serikali ibebe fidia pale vyuo vya umma na wafanyakazi wao wanaposhtakiwa. Ndugu, mbona ngao ipo tayari! Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kukishtaki chuo cha umma hapa Tanzania lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, halafu Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye kesi.

Mdogo wangu alimwagikiwa asidi maabara (chuo sikitaji), glavu zenyewe zimetoboka vidole viwili. Nilipeleka barua masijala, nakala yangu ikagongwa muhuri, basi, kimya mpaka leo.

Fundi maabara akiteleza kikazi, serikali ilipe, sina neno. Ila mhadhiri anayedai rushwa ya ngono, naye tumlipie sisi walipa kodi?