Mtaji wako ufanye biashara, mikono yako isubiri viza

Ramadhani ikikaribia, vikundi vya WhatsApp vya Wazanzibari walioko Uingereza, Marekani na Oman hujaa matangazo: vileja, visheti, halua ya kuagiza, madira, kofia za viua zilizoshonwa Unguja. Wengi wa wanaotangaza wapo huko kwa viza ya kusoma au ya kazi. Na wengi wanaamini kwamba ukishasajili biashara ukapata namba ya kodi, basi mambo yako yamenyooka.

Hayajanyooka. Ofisi inayosajili kampuni na ofisi inayotoa viza haziulizani. Companies House ya Uingereza itakusajilia kampuni mtandaoni bila kutazama una viza gani. Marekani nako, jimbo litakupa LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo), na IRS, mamlaka ya kodi ya huko, itakupa namba ya kodi ya biashara, EIN, kwa fomu SS-4 hata kama umekaa Wete na huko hujawahi kukanyaga. Anayekuja kukwambia hapana ni afisa wa uhamiaji, siku unapoomba viza nyingine. Wala hahitaji upelelezi: rejista ya Companies House iko wazi, bure, na jina lako limo humo na tarehe uliyoanza ukurugenzi.

Uhamiaji hauulizi kampuni ni ya nani tu. Unauliza nani anaifanya kazi. Mwanafunzi wa shahada Uingereza kwa kawaida ana saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, lakini saa hizo ni za kuajiriwa. Za kujiajiri hana hata moja. Kukaanga sambusa jikoni kwako ukauza ni kujiajiri. Kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu ni kujiajiri. Na hata ukijipa mkataba wa ajira katika kampuni ambayo una hisa asilimia 10 au zaidi, au ambayo wewe ni mkurugenzi, sheria inaiita hiyo shughuli ya biashara, na imekatazwa. "Silipwi, najitolea tu" haisaidii, kwa sababu biashara ni yako. Kusimamia duka la Darajani kwa kompyuta usiku ukiwa Leicester pia usikuone jambo jepesi: kazi huhesabiwa pale mwili ulipo.

Kwa maoni yangu jibu tunalo tangu chuo cha Kurani, tulifundishwa na maalim, ila hatujalihusisha na viza: mudharaba. Mmoja anatoa mali, mwengine anatoa kazi. Mwenye mali haingii kazini. Faida inagawiwa kwa fungu walilokubaliana, hasara inakula mtaji, isipokuwa mfanyakazi amefanya uzembe au amevunja masharti. Mpaka huo baina ya mali na kazi ndio huohuo ambao viza inauchora.

Tuseme unatoa paundi 3,000. Mwenzako, raia au mwenye ukaazi wa kudumu, ananunua kofia na kanga, anauza, mwisho wa msimu faida ni paundi 1,200. Mmeandikiana 60 kwa 40: yeye anachukua 720, wewe 480. Kampuni imo kwa jina lake, wewe si mkurugenzi wala mwajiriwa. Unaweza kudai hesabu kila miezi mitatu, kuona taarifa ya benki, na kuweka sharti tangu mwanzo kwamba asikope wala asiuze kwa mali kauli bila ridhaa yako. Huwezi kufunga vifurushi, kuendesha ukurasa wa mauzo, wala kujibu wateja. Siku unapopokea simu ukasema "saizi 22 ipo, ya beji imekwisha", umeshaingia kazini.

Watu huharibu hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutaka paundi 100 kila mwezi, biashara iuze isiuze. Huo si mudharaba tena, ni mkopo wenye riba. Ya pili ni kuaminiana bila karatasi. Undugu mzuri, lakini andikeni: kiasi cha mtaji, tarehe ulipotumwa na kwa akaunti ipi, fungu la kila mmoja, muda wa mkataba, na namna ya kuuvunja. Faida yako nayo ni kipato, kwa hiyo kodi yake iulizieni kabla ya msimu.

Utaratibu huohuo unafaa biashara ikiwa Unguja au Pemba. Aliyeko nyumbani ndiye anayehangaika na usajili wa BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar), TIN ya TRA, ZRA (mamlaka ya mapato ya Zanzibar), na leseni. Usijiweke mkurugenzi kwa sababu ya fahari tu.

Marekani kuna mitego yake. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, anaweza kumiliki LLC, lakini kuifanyia kazi kunahitaji ruhusa. Ruhusa inayofaa ni OPT, yaani kazi ya mafunzo kwa vitendo, ya miezi 12 baada ya kuhitimu: humo unaweza kujiajiri, mradi kazi inahusiana na ulichosomea na ifike saa 20 kwa wiki. Siku zisizo na kazi zikizidi 90, viza yako imo hatarini, kwa hiyo weka ankara na kumbukumbu za saa. Waliosoma sayansi na uhandisi huongezewa miezi 24, na hapo ndipo wengi hukwama: nyongeza hiyo inataka mwajiri aliyejisajili E-Verify (mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi) na kusaini mpango wa mafunzo. Huwezi kujisainia mwenyewe. Biashara uliyoiendesha peke yako mwaka mzima inasimama mwezi wa 13. Viza ya uwekezaji ya E-2, inayotangazwa sana YouTube, usipoteze pesa kwayo: Tanzania haimo katika orodha ya nchi zenye mkataba huo.

Kuna na fomu 5472, ya kuiarifu IRS miamala baina ya LLC na mwenyewe wa kigeni. LLC ya mtu mmoja ambaye kikodi si mkaazi wa Marekani, na mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida huhesabiwa hivyo miaka mitano ya mwanzo, hulazimika kuijaza pamoja na fomu 1120. Hata kama hukuuza kitu, pesa ulizotia za kuanzia zinatosha kukuwajibisha. Faini inaanzia dola 25,000. Wanaouza "LLC kwa dola 99" hili hawalisemi.

Oman wengi tuna wajomba na shangazi, na ndiyo maana njia ya mkato ni rahisi: biashara inaandikwa kwa jina la mwenyeji, wewe unatia pesa na jasho, yeye anapewa chake kila mwezi. Mkigombana, karatasini huna kitu, na kwenda kushitaki ni kujitangaza mwenyewe. Amri ya Kifalme namba 50 ya 2019, iliyoanza kutumika Januari 2020, inamruhusu mgeni kumiliki kampuni asilimia 100 katika shughuli nyingi, ipo na orodha ya zilizokatazwa. Lakini mwenye kibali cha kazi cha tajiri mmoja hawi mwekezaji kwa kufungua duka; hadhi inabadilishwa kwanza.

Neno kwa wanaofikiria karafuu za Pemba: mwenzako wa nyumbani hawezi kununua kwa mkulima akakusafirishia. Karafuu ghafi hununuliwa na kuuzwa nje na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, na kinyume chake ni magendo. Mdalasini, iliki na mchaichai havimo katika zuio hilo, ila ulizeni cheti cha afya ya mimea kabla ya kufunga mzigo.

Katika mkataba wa mudharaba tia kifungu kimoja zaidi: viza ikibadilika, mna haki ya kuugeuza kuwa ushirika wa kawaida. Viza ya Graduate ya Uingereza, ya waliohitimu huko, inaruhusu kujiajiri. Ni ya miaka 2, na watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 watapata miezi 18, isipokuwa wenye shahada ya uzamivu wanaobaki na miaka 3. Subiri viza itoke, uisome masharti yake, ndipo uende kuongeza jina lako katika kampuni.