Kingatiba, mabusha na hoja ya elimu ya afya vijijini Tanga

Kila inapozungumzwa hali ya afya vijijini, hoja mbili hugongana. Ya kwanza inadai kuwa watu huugua maradhi yanayozuilika kwa sababu hawajaelimishwa. Ya pili inajibu kwamba mwanakijiji anajua vya kutosha, ila zahanati haina dawa, barabara haipitiki wakati wa masika, na nauli ya bodaboda hadi hospitali ya wilaya inamshinda. Katika pwani ya Tanga upo ugonjwa unaozipima hoja zote mbili vizuri, nao ni ule unaoleta matende na mabusha.

Ugonjwa huo husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Mkakati wa taifa, ulioanza mwaka 2000, ni kugawa kingatiba, yaani dawa za kukinga zinazomezwa hata na wasiougua, ya ivermektini na albendazoli mara moja kwa mwaka, bila malipo. Mgawaji huja na fimbo ya kupimia urefu, kwa kuwa idadi ya vidonge vya ivermektini hutegemea kimo cha mtu. Hapa mtu hawezi kulalamikia bei wala umbali. Hata hivyo, huko Pangani na Muheza wapo waliopokea vidonge wasivimeze, na ikaenea minong'ono kwamba dawa hizo zinaharibu uzazi.

Ukiisikiliza hofu hiyo kwa utulivu, utaona kwamba haikutokana na ujinga mtupu. Mtu mzima asiye na homa wala maumivu anaambiwa ameze dawa; jirani yake mwenye busha amemeza mwaka hadi mwaka na busha liko palepale; na anayegawa, ambaye naye ni mwanakijiji aliyepewa semina fupi, anapima kimo bila kusema kwa nini. Kama mzee anaamini kwamba busha hutokana na kunywa madafu au kurogwa, dawa ya ugonjwa wa mbu itamwingiaje akilini? Hakuelezwa kwamba minyoo mikubwa huishi mwilini kwa miaka kadhaa, kwamba dawa huua hasa vichanga vyake vilivyomo kwenye damu ili mbu asivisambaze, na kwamba kwa sababu hiyo hata asiye na dalili humeza, tena kwa kurudia, ilhali busha lenyewe huondolewa kwa upasuaji. Mwaka 2008 mjini Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni uliishia katika vurugu za wazazi baada ya watoto kupata madhara madogo ambayo hawakutahadharishwa. Dawa zilikuwepo, maelezo ndiyo yaliyokosekana.

Wa upande wa pili nao hawakosi ushahidi. Kuhusu malaria, mwanakijiji wa Handeni alizoeshwa klorokwini, mwaka 2001 akaambiwa atumie dawa nyingine iitwayo SP, na mwishoni mwa 2006 ikaletwa dawa mseto. Kisha akaambiwa kwamba si kila homa ni malaria, apime kwanza. Mabadiliko ya dawa yalikuwa na sababu ya kweli, kwani vimelea vilikuwa vimejenga usugu. Lakini mama aliyeyafuata yote hayo, akafika zahanati na mtoto anayechemka na kukuta vipimo vimekwisha, hana somo jipya la kupewa. Kumhimiza tena awahi kituoni ni kumtwika lawama isiyo yake, na nashuku kwamba semina hupendwa na wakubwa kwa kuwa ni rahisi kuliko kuajiri muuguzi.

Watetezi wa elimu hupenda kutaja kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Nguvu yake, kwa maoni yangu, ilikuwa kufundisha yale ambayo msikilizaji angeweza kuyafanya kesho yake kwa jembe lake: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani. Hata hivyo, somo la aina moja kwa nchi nzima lina mipaka. Katika miji na vijiji vikubwa vya pwani, mbu wa kuleksi, ambaye hueneza matende, huzaliana vizuri katika mashimo ya vyoo yenye maji, kwa hiyo choo kinachomwokoa mtu na kuhara kinaweza kumlea mbu huyo kisipofunikwa.

Kwa mwenye matende, elimu yenyewe ni sehemu kubwa ya tiba: kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha hadi katikati ya vidole na kuuinua wakati wa kupumzika hupunguza sana homa na uvimbe vinavyomrudia. Huyu anahitaji mtu wa kumwonyesha, kisha wa kurudi kumtazama, na vijijini mtu huyo ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kabla ya kuandaa kampeni nyingine, halmashauri zieleze mhudumu huyo atalipwa posho kiasi gani, na itatoka fungu lipi.