Meli za Luzern na Liemba yetu: tusilinganishe hovyo

Kila mgeni wangu kutoka nyumbani nikimpeleka gatini hapa Luzern, Uswisi, hutoa kauli ileile: wenzetu wanajua kutunza vitu, sisi tunaviua. Mimi ni mtu wa Kigoma, nimekulia Ziwa Tanganyika, ziwa la meli yetu Liemba, na kauli hiyo naikataa.

Ni kweli meli zao zinapendeza. Katika ziwa hili la milimani bado meli tano za mvuke zinabeba abiria: Uri ya 1901, Unterwalden ya 1902, Schiller ya 1906, Gallia ya 1913 na Stadt Luzern ya 1928. Ukipanda Uri, unaichungulia injini pale chini ikifanya kazi. Vyuma vinang'aa, mikono mizito inakwenda na kurudi ikizungusha magurudumu ya pembeni, na joto lenye harufu ya oili linakupanda usoni. Naweza kusimama pale safari nzima.

Lakini tuulizane zimebakije. Meli ya kwanza ya mvuke ilianza hapa 1837. Enzi hizo, kufika Flüelen, kule ziwa linakoishia chini ya milima ya jimbo la Uri, ilikuwa lazima upite majini, maana majabali yameshuka wima hadi ziwani. Barabara ya Axen ilichongwa kwenye majabali hayo ikafunguliwa 1865; reli ya Gotthard ikafuata 1882. Mizigo ikahama, meli zikabaki na watalii. Hata hao hawakutosha kuziokoa zote: Wilhelm Tell ya 1908 iliondolewa safarini 1970 ikageuzwa mgahawa. Ndipo wananchi wakaunda chama cha kuzitetea zilizobaki na kuchangisha fedha. Waliweza kuzifanya starehe kwa sababu mtu wa Flüelen alikuwa na treni tayari.

Sasa njoo kwetu. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa makasha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Ikaingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, injini zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.

Tangu hapo imeshusha watu Lagosa, Ikola, Kirando, Kasanga, na vijiji vingi ambavyo havikuwa na gati. Ilikuwa ikisimama mbali na ufuko, inapiga honi, mitumbwi inaizunguka. Mama anapandishwa kwa mikono, mtoto anapokewa, dagaa na madumu ya mawese yanafuata. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, Liemba ndiyo iliyotumwa kuwachukua kuwapeleka Kigoma. Hakuna meli ya Luzern iliyowahi kudaiwa kazi ya namna hiyo katika uzee wake.

Kwa hiyo mabaharia na mafundi wetu walitunza. Walichokosa ni fedha za matengenezo kwa wakati. Liemba iliposimamisha safari miaka ya karibuni, abiria wake wengi waliangukia maboti ya mbao, yanayojazwa kupita kiasi na kuvuka usiku wakati upepo wa kusi unachafua ziwa. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko kutu yoyote.

Na ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka Liemba iwe makumbusho tu au hoteli ya watalii. Ipewe bajeti yake kila mwaka, kama barabara inavyopewa, na ijengwe meli ya pili ya kupokezana nayo, ili mojawapo ikipanda chelezoni mtu wa kijiji cha Wampembe asilazimike kupanda boti.